Wiki ya tano ndiyo inayokula mtaji: kuwatoa vifaranga bruda na kuwahamishia banda la nje

SOMO LA BIASHARA
Na Mwandishi Wetu

MFUGAJI wa kuku jijini Dar es Salaam akiulizwa vifaranga wanakufa zaidi lini, mara nyingi hujibu: siku saba za kwanza. Jibu hilo lina ukweli, na ndiyo maana watu wengi hununua taa, mkaa na maranda mapema na kukesha wiki nzima wakichungulia bruda. Lakini iko hatari ya pili ambayo haisemwi sana, nayo huja wakati mfugaji ameshaanza kupumua. Ni ile siku ya kuwatoa vifaranga kwenye joto la ndani na kuwapeleka banda la nje, pamoja na wiki mbili zinazoifuata.

Somo la wiki hii linawahusu wote walioweka fedha zao katika kuku: anayefuga matetea wa mayai Tegeta au Bunju, anayelea chotara nyuma ya nyumba Mwananyamala au Mbagala, na yule mfanyabiashara anayenunua kuku wa mwezi mmoja kwa mlezi na kuwauza kwa wafugaji wengine. Kuku wa nyama wa kisasa hawahusiki sana hapa, kwa kuwa hao hukaa ndani mpaka siku ya kuuzwa.

HESABU KWANZA

Kifaranga anayekufa siku ya pili amekutia hasara ya bei yake tu. Anayekufa wiki ya sita anaondoka na bei yake, chakula alichokwisha kula, chanjo zote alizopata, mkaa, maranda na jasho lako. Tete wa mayai hadi mwisho wa wiki ya tano huwa amekula kati ya gramu 800 na 900 za chakula, na hadi wiki ya sita hufika kati ya kilo 1 na kilo 1.2. Chotara wenye mwili mkubwa hula zaidi ya hapo.

Tuchukue mfano. Bei tulizoweka ni za kufanyia hesabu tu; msomaji aweke zile za wiki yake.

Umenunua vifaranga 100 kwa Sh. 2,000 kila mmoja: Sh. 200,000. Hadi wiki ya sita wamekula kilo 110 za chakula kwa Sh. 1,400 kwa kilo: Sh. 154,000. Chanjo, dawa, mkaa na maranda: Sh. 46,000. Jumla umetumia Sh. 400,000.

Wanne wamekufa ndani ya bruda, umebaki na 96. Ukiwauza wote kwa Sh. 6,000 kila mmoja unapata Sh. 576,000. Faida ni Sh. 176,000.

Sasa tuseme uliwatoa vibaya, na 16 wakafa katika siku kumi baada ya kuhama. Umebaki na kuku 80. Ukiuza kwa bei ile ile unapata Sh. 480,000, na faida ni Sh. 80,000. Kila kuku aliyebaki sasa amekugharimu Sh. 5,000 badala ya Sh. 4,167.

Angalia vizuri hapo. Amekufa kuku mmoja katika kila sita, lakini faida imepungua kwa zaidi ya nusu. Hii ndiyo sababu tunasema wiki ya tano inakula mtaji. Wanaokufa hawachukui sehemu yao ya gharama. Wanawaachia walio hai waibebe.

KIFARANGA YUKO TAYARI LINI

Wapo wanaohesabu siku katika kalenda na kusema: leo ni siku ya 28, tuwatoe. Kalenda inasaidia, lakini manyoya ndiyo yanayoamua. Kifaranga huanguliwa na malaika laini ambayo hayawezi kumkinga na baridi wala mvua. Manyoya ya kweli huanza kwenye mbawa na mkia, kisha mgongoni na kifuani, na mwisho shingoni na kichwani. Mshike mkononi, mgeuze, pekua kifua na mgongo. Ukikuta sehemu kubwa bado ni malaika, huyo si wa kutoka.

Kwa hali ya hewa ya pwani, vifaranga wengi huwa tayari kati ya wiki ya nne na ya sita. Mwezi Januari na Februari, wakati joto la mchana jijini linapita nyuzi 30, wanaweza kutoka mapema kidogo. Juni hadi Agosti, usiku unaposhuka hadi karibu nyuzi 18 au 19 na upepo wa kusi unavuma, ongeza wiki moja. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ongeza wiki na uongeze uangalifu, maana kinachoua hapo ni unyevu pamoja na baridi.

Usiwatoe walio dhaifu pamoja na wenye nguvu. Katika kundi la 100 hawakosekani watano au kumi waliodumaa. Watenge, uwape wiki moja zaidi ya joto na chakula peke yao. Ukiwachanganya watakanyagwa na kunyimwa chakula, na wao ndio watakaokuwa wa kwanza kushika ugonjwa na kuueneza.

PUNGUZA JOTO KIDOGO KIDOGO

Kosa la kawaida ni kulea vifaranga kwenye joto kali mpaka siku ya mwisho, halafu kuwatoa ghafla. Mwili wa kifaranga hujifunza kujipasha wenyewe pole pole, na asipopewa nafasi ya kujifunza hataweza.

Utaratibu unaofahamika ni kuanza na nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha kushusha karibu nyuzi 3 kila wiki. Mwenye kipimajoto akitumie. Asiye nacho awaangalie vifaranga wenyewe. Wakijirundika chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, kutanua mbawa na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kulala hapa na pale, hali ni nzuri.

Kwa Dar es Salaam, mpango huu unafaa kwa wengi:

Wiki ya tatu, zima taa au ondoa jiko mchana kutwa, labda iwe siku ya mvua. Wiki ya nne, washa usiku tu, na ikiwezekana kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri. Mikesha mitatu hadi mitano ya mwisho kabla ya kuhama, usiwashe kabisa. Wakiipita bila kurundikana, wamefaulu mtihani. Wakirundikana, rudisha joto na usogeze mbele siku ya kuhama.

Mgao wa umeme umewafundisha wafugaji wengi kutumia jiko la mkaa. Ni sawa, ila mkaa uwe umeshika moto vizuri nje kabla ya kuingizwa, na chumba kiwe na tundu la hewa kwa juu. Hewa ya mkaa isiyo na harufu inaua vifaranga, na inaua pia binadamu anayelala nao chumba kimoja.

CHANJO IMALIZIKE KABLA YA KUHAMA

Ndani ya bruda kifaranga anakutana na vimelea vichache. Nje atakutana na mavi ya kuku wa jirani, ndege wa porini, viatu vya wageni na maji ya kidimbwi. Kinga lazima imtangulie huko.

Ratiba iliyozoeleka nchini ni hii. Siku ya kwanza, chanjo ya mareksi, ambayo hutolewa kwenye kiwanda cha kuangulia. Siku ya 7, mdondo, ambao wengine huuita kideri. Siku ya 14, gumboro. Siku ya 21, mdondo mara ya pili. Siku ya 28, gumboro mara ya pili. Ukifuata ratiba hii na kuhama siku ya 35 au baadaye, umepata wiki nzima ya mwili kujenga kinga. Chanjo ya ndui, inayochomwa kwenye ngozi ya bawa, hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, kuku wakishatulia mahali papya. Wasichanjwe na kuhamishwa siku moja, kwa sababu kila moja kati ya mambo hayo mawili ni mzigo kwa mwili.

Wakazi wa mjini wajihadhari na jambo moja. Maji ya bomba yametiwa dawa ya klorini, na klorini huua chanjo ya kunywesha kabla haijafika kooni mwa kuku. Tumia maji ya kisima kisafi au ya mvua. Ukilazimika kutumia ya bomba, yachote yakae wazi usiku kucha, kisha changanya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa kila lita, ndipo utie chanjo. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, ili chanjo yote inywewe ndani ya saa mbili.

Kwa wanaofuga kienyeji na chotara wanaotembea, ipo chanjo ya mdondo ya I-2 inayostahimili joto kuliko zile za kawaida, ambayo hutengenezwa hapa nchini chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) kwa jina la TEMEVAC. Hutiwa tone moja kwenye jicho moja na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa mfugaji asiye na jokofu la kuaminika, hiyo ni nafuu kubwa, ingawa nayo inataka kutunzwa mahali pa baridi na kivulini.

BANDA LIWASUBIRI

Banda la nje liwe tayari wiki moja kabla. Kama lilikuwa na kuku wengine, ondoa matandiko yote, fagia, osha kwa maji na sabuni, paka chokaa au dawa ya kuua vijidudu, kisha liache tupu likauke. Wiki mbili za utupu ni bora kuliko moja. Kuweka vifaranga juu ya matandiko ya kuku wakubwa ni sawa na kuwalisha ugonjwa kwa kijiko.

Nafasi. Kuku wa wiki 5 hadi 8 wanahitaji mita moja ya mraba kwa kila kuku 10. Wakikomaa, mita hiyo hiyo iwe ya kuku 5 au 6. Banda la mita 3 kwa mita 3 lina mita 9 za mraba: linatosha kuku 90 wa wiki ya sita, lakini likifika kipindi cha kutaga linatosha 45 hadi 54 tu. Mwenye banda hilo akinunua vifaranga 100 kwa kuwa "wanaenea", ajue mapema kwamba nusu watahitaji kuuzwa au kujengewa banda la pili.

Hewa. Ukuta mfupi wa tofali hadi kiwango cha goti au kiuno, na juu yake wavu, ndio unaofaa kwa joto letu. Upande wa upepo na mvua weka pazia la viroba au turubai linaloweza kushushwa usiku na kupandishwa asubuhi. Wiki ya kwanza baada ya kuhama lishushwe kila jioni.

Sakafu. Tandika maranda au maganda ya mpunga makavu, kina cha sentimita 5 hadi 10. Ukikamata konzi moja na kuifumbata, yasishikamane kama kinyago. Yakishikamana yana maji mengi, yageuze au yatoe.

Mahali. Wanaoishi mabondeni, kama kando ya Mto Msimbazi au sehemu za chini za Tandale, wainue sakafu juu ya usawa wa maji ya mvua. Penye udongo wa kichanga maji hunyonywa upesi na kuku hupata nafuu. Penye mfinyanzi chimba mfereji kuzunguka banda.

Maadui. Mwewe anajulikana, lakini jijini adui wa kila siku ni kunguru. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wa asili ya hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka bahari na kuijaza pwani. Hawaogopi mtu, na huiba kifaranga mchana kweupe. Uwanja wa kuku wadogo lazima ufunikwe wavu kwa juu. Usiku kuna panya, kicheche, paka na nyoka. Wavu wa matundu madogo ufike ardhini na uzikwe sentimita 20 hadi 30, ili kisipenye kitu kwa kuchimba.

SIKU YA KUHAMA NA MIKESHA MITATU

Chagua siku isiyo na mvua. Wahamishe asubuhi na mapema ili wapate mchana mzima wa kuyaona maji, chakula na kona za banda. Wengine huhamisha jioni kwa kuwa kuku hukamatika kwa urahisi; hilo nalo linakubalika, ila ni lazima banda liwe na mwanga hafifu usiku ule.

Wabebe katika matenga au maboksi yenye matundu, wachache wachache. Usiwabebe kwa miguu vichwa chini kama wa sokoni. Chukua vyombo vile vile vya maji na chakula walivyovizoea, pamoja na ndoo moja ya maranda makavu kutoka bruda kama hapakuwa na ugonjwa. Harufu na rangi wanayoijua huwatuliza. Maji ya siku tatu za kwanza yatiwe vitamini.

Hatari kubwa ya usiku wa kwanza ni kulaliana. Vifaranga wakiogopa au wakisikia baridi hukimbilia kona moja na kupandana. Asubuhi unakuta walio chini wamekufa bila kidonda wala ugonjwa. Mfugaji asiyejua husema wamerogwa au wamelishwa sumu. Dawa yake ni hii: ziba kona zote kwa kadibodi au mkeka uliokunjwa ili ziwe mviringo, acha taa ndogo au kandili iliyoning'inizwa mbali na maranda, na pita kuwaangalia saa tatu, saa sita na alfajiri. Ukiwakuta wamerundikana, watawanye kwa mkono taratibu, kisha tafuta upepo unaingilia wapi.

Weka pia vichanja vya chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka sakafuni. Kuku wa umri huu huanza kujifunza kulala juu, na anayelala juu halaliwi na mwenzake.

KUWATOA NJE YA BANDA

Kwa wenye uwanja, msiwafungulie mara moja. Wafungie ndani siku tano hadi saba mpaka walijue banda kuwa ndiyo kwao. Baada ya hapo wafungulie saa kumi na moja jioni, saa moja tu kabla ya chakula cha jioni. Njaa na giza vitawarudisha vyenyewe. Ongeza saa moja kila baada ya siku mbili tatu, mpaka washinde nje. Asubuhi wasitoke kabla umande haujakauka. Siku ya mvua wasitoke kabisa mpaka wafike wiki ya nane. Kuku wadogo hawana akili ya kukimbia mvua, wataloa wamesimama.

Uwanja uwe na kivuli, iwe mti au paa la makuti, na maji yawe kivulini. Maji ya moto kuku hanywi, na asiyekunywa hali.

KUHARA DAMU: UGONJWA WA WIKI HII

Zaidi ya baridi na kulaliana, muuaji wa kipindi hiki ni koksidiosisi, yaani kuhara damu. Vimelea vyake hutoka na mavi vikiwa kama mayai. Kwenye maranda yenye joto na unyevu hukomaa kwa siku moja hadi mbili, kisha kuku huwadonoa, na siku tano hadi saba baadaye utumbo huanza kutoa damu. Ndiyo maana mfugaji huona siku nne za kwanza nzuri, akaenda safari, na kurudi wiki ya pili akakuta banda limelala.

Kila asubuhi angalia mavi kabla hujaangalia kuku. Mavi ya rangi ya kahawia yenye utelezi, au yenye damu, pamoja na kuku waliojikunyata, manyoya yamesimama na mbawa zimelegea, ni dalili ya kutosha. Usingoje vifo. Mwite afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo. Dawa inayotumika sana ni amproliamu katika maji, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Wakati wa kuitumia simamisha vitamini, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1, na ukimpa kuku B1 kwa wingi unaipunguzia dawa nguvu.

Wakifa wengi kwa ghafla, usiwauze waliobaki wala usile waliokufa. Peleka mzoga uliokufa karibuni maabara ya TVLA iliyoko Temeke ukapimwe. Gharama ya kipimo ni ndogo kuliko kununua dawa tano za kubahatisha.

CHAKULA KISIBADILIKE SIKU YA KUHAMA

Badiliko moja kwa wakati mmoja. Wakihama, waendelee na chakula cha vifaranga mpaka wiki ya nane, kisha wahamishiwe chakula cha kukuzia kwa siku saba hadi kumi: robo ya kipya, nusu, robo tatu, hadi chote. Usiwape matetea wadogo chakula cha kuku wa mayai eti wakue haraka. Kina chokaa nyingi, na figo za kuku ambaye hajaanza kutaga haziwezi kuimudu.

KWA WANAONUNUA KUKU WA MWEZI MMOJA

Biashara ya kulea na kuuza kuku wa mwezi mmoja imekua, kwa kuwa wanunuzi wengi hawataki taabu ya bruda. Anayenunua analipia kinga na uvumilivu wa mlezi, kwa hiyo ahakikishe anavipata.

Uliza tarehe za chanjo na jina la kila moja, na omba kuona chupa au kumbukumbu iliyoandikwa. Uliza joto lilizimwa lini. Kuku waliotolewa kwenye taa jana watakufia kesho. Shika watano kutoka pande mbalimbali za banda, si wale unaopewa mkononi. Papasa kifua: mfupa ukichoma kama kisu, hajala vizuri. Tazama mkundu: manyoya yaliyogandana mavi ni dalili ya kuhara. Sikiliza bandani wakati wa utulivu kama kuna wanaokoroma. Na usinunue kuku wa umri huu sokoni walikokusanywa kutoka kila upande, kama soko la Shekilango au Kisutu. Masoko hayo ni ya kuku wa kitoweo. Kwa mbegu ya kufuga nenda kwa mlezi mwenyewe.

Asili ya kifaranga nayo ina uzito. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vifaranga kutoka nje mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege, na Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliotokea Kenya waliteketezwa Namanga. Aliyekuwa na fedha humo alizipoteza siku moja. Nunua penye stakabadhi.

KALENDA YA SOKO

Mwenye kuuza chotara wa nyama ahesabu kurudi nyuma. Kuku wa namna hiyo huchukua wiki 14 hadi 16 hivi kufika sokoni. Wa Krismasi waingie bruda kati ya mwisho wa Agosti na wiki ya pili ya Septemba. Watahama nje wiki za mwanzo za Oktoba, kabla vuli haijakolea. Wa Pasaka waingie Desemba. Watahama Januari, penye joto, na shida yao itakuwa maji na kivuli. Wa Idd wafuate mwandamo, kwa kuwa sikukuu husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Kila mwaka pigeni hesabu upya.

Kundi gumu zaidi ni lile linaloingia bruda Machi au Aprili na kuhama katikati ya masika. Si lazima kuliacha, maana wengi wakiogopa mvua kuku hupungua sokoni miezi ya Julai na Agosti. Lakini anayeliingia awe na banda lisilovuja, maranda ya akiba na mkaa wa wiki mbili za ziada, na azitie gharama hizo kwenye hesabu tangu mwanzo.

YA KUKUMBUKA

1. Manyoya yaamue, si kalenda.
2. Mikesha mitatu hadi mitano bila joto kabla ya kuhama.
3. Chanjo ya mwisho iwe imepita wiki moja.
4. Banda kavu, kona zimezibwa, wavu juu na chini.
5. Siku tano hadi saba ndani kabla ya kufunguliwa nje.
6. Kuanzia siku ya tano, chunguza mavi kila asubuhi.
7. Chakula kisibadilishwe wiki ya kuhama.
8. Andika vifo vya kila siku na sababu yake. Bila daftari, hutajua faida yako ilipotelea wapi.

Wiki ijayo tutaendelea na matetea hao hao: jinsi ya kuwapima uzito kila wiki ili waanze kutaga kwa wakati, na namna ya kununua chakula baada ya mavuno ya mahindi bila kuozesha ghalani.